Barakoa ya Vumbi au ya Mvuke? Ulinganisho wa Vifaa vya Kinga kwa Mafundi Samani wa Mombasa

Fundi wa samani hapa Mombasa, awe na karakana Majengo, Kongowea, Changamwe au ng'ambo ya Likoni, akiingia duka la vifaa huuliza swali moja: barakoa ya bei nafuu ni ipi? Muuzaji humtolea boksi la barakoa nyepesi zenye kamba moja, naye hulipa akarudi kazini. Swali hilo ndilo linalotuponza. Zile zinazoitwa barakoa kwa jina moja ni vifaa tofauti vinavyozuia madhara tofauti, na ile inayomfaa mpiga msasa haimsaidii chochote mpuliza vanishi aliyesimama hatua tatu kutoka kwake. Katika ulinganisho huu nitakaa kwenye pumzi kwa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu jeraha la mkono huonekana siku ileile likatibiwa, ilhali madhara ya pumzi hujificha miaka mingi, na ndiyo tunayoyanunulia kinga isiyofaa mara nyingi zaidi.

Vumbi ni chembe. Randa hutoa maranda makubwa yanayoanguka miguuni na hayana madhara makubwa kwa mapafu. Msumeno wa duara hutoa unga. Lakini mashine ya msasa hutoa vumbi jembamba ambalo huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na kadiri msasa unavyokuwa laini ndivyo vumbi linavyozidi kuwa jembamba. Mbao zetu nazo hazilingani. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. La msaji huwasha ngozi. La MDF, ile mbao ya kiwandani iliyoshindiliwa kutokana na nyuzi za mbao, hubeba pamoja nalo gundi yenye fomaldehaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwasababishia binadamu saratani mwaka 1995, na mwaka 2004 likafikia uamuzi huohuo kuhusu fomaldehaidi.

Uamuzi wa kwanza una historia ambayo kila mtengeneza samani anastahili kuijua. Katika miaka ya 1960, mjini High Wycombe nchini Uingereza, mji uliosifika kwa utengenezaji wa viti, Daktari Esmé Hadfield aliyetibu magonjwa ya masikio, pua na koo alitambua kwamba aina moja ya saratani ya pua, ambayo kwa kawaida ni nadra sana, ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani kwa wingi usio wa kawaida. Watu hao hawakuwa wachimba migodi wala wafanyakazi wa viwanda vya kemikali. Walikuwa watu wa msumeno, patasi na msasa kama sisi, na ugonjwa uliwajia baada ya miongo mingi ya kazi.

Mvuke ni jambo jingine kabisa. Thina, sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) na vanishi za kupuliza hutoa hewa ya viyeyusho kama tolueni na asetoni, ambayo haina chembe za kunaswa na kitambaa. Hupita katika barakoa ya vumbi kama maji yanavyopita kwenye wavu. Mtu huumwa na kichwa, hulewa bila kunywa, hukosa usingizi au hupoteza utulivu, na akizoea huacha hata kuisikia harufu, akadhani kwamba imepungua.

Vitambaa, barakoa za karatasi na barakoa za mpira

Kinga ya kwanza tunayoiona karakanani ni kitambaa: kipande cha leso, au fulana kuukuu iliyofungwa nyuma ya kichwa. Huzuia vipande vinavyorukia mdomoni, hunyonya jasho, na hapo ndipo faida yake inapokomea, kwa kuwa nafasi kati ya nyuzi zake ni pana mno kwa vumbi la msasa. Barakoa ya hospitali, ile ya rangi ya samawati tuliyoizoea wakati wa korona, ina nyuzi bora zaidi lakini imeachwa wazi pembeni, nayo iliundwa ili mate ya daktari yasimwingie mgonjwa. Ile nyepesi yenye kamba moja ya mpira, isiyo na maandishi yoyote juu yake, ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu inafanana na kinga ya kweli na humpa mvaaji imani asiyostahili kuwa nayo.

Kinga ya vumbi inaanzia kwenye barakoa iliyoandikwa daraja lake. Kwa utaratibu wa Ulaya, FFP1 huzuia angalau asilimia 80 ya chembe za majaribio, FFP2 asilimia 94, na FFP3 asilimia 99. Kwa utaratibu wa Marekani, N95 huzuia asilimia 95, kwa hiyo inakaribiana na FFP2. Maandishi hayo yasipokuwepo juu ya barakoa yenyewe, ichukulie kuwa ni kitambaa tu. Tazama pia kamba. Kamba mbili zinazozunguka kichwa, moja juu ya masikio na nyingine shingoni, huibana barakoa usoni barabara, ilhali zile za kuning'inia masikioni mara nyingi huacha upenyo kando ya pua na chini ya kidevu, na hewa hupita palipo rahisi.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine yoyote. Ivue barakoa yako jioni, uigeuze, uitazame kwa ndani. Ukiona mstari wa rangi ya udongo ulioanzia ukingoni ukaelekea puani, ujue vumbi lilikuwa likiingia mchana kutwa kupitia hapo, hata kama boksi liliandikwa asilimia 99. Siku moja ami yangu, ambaye kazi hii nilijifunza kwake, alinipa barakoa yake baada ya kukwangua mlango wa mvule. Ndani yake mlikuwa na alama mbili za kahawia mfano wa mbegu za tende, mahali palepale pua yake inapogusa.

"Ami, hii haikukukaa vizuri," nilimwambia.

"Mwanangu, ikinikaa vizuri nashindwa kuvuta pumzi," akajibu.

Jibu lake lina ukweli ambao maelezo ya kwenye boksi hayausemi. Katika joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, barakoa ya karatasi hulowa jasho ndani ya saa chache, na ikilowa huwa nzito kupumulia. Ndipo mtu anapoivuta chini kidogo, au kukunja waya wa pua vibaya kwa makusudi. Anayechagua FFP2 kwa kazi ya Mombasa anunue zenye vali ya kutolea pumzi, kwani hupunguza joto na unyevu, na ahesabu kwamba siku ya msasa mzito huenda ikahitaji mbili. Kuzifua kwa sabuni ili zitumike tena hakufai, kwa maana nyuzi zake hunasa vumbi kwa chaji ya umeme ambayo sabuni huiondoa. Barakoa hurudi ikiwa safi machoni na dhaifu kazini.

Mbadala wake ni barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vya kubadilishwa pembeni. Bei yake ya kwanza humshtua mtu, na hapo wengi hugeuka wakaenda zao. Naomba tupige hesabu kwa utulivu. Fundi anayefanya kazi siku sita kwa wiki hutumia barakoa zipatazo 26 kwa mwezi akitumia moja kwa siku, yaani zaidi ya 300 kwa mwaka. Uliza dukani bei ya moja, uizidishe, kisha uilinganishe na bei ya barakoa ya mpira na jozi kadhaa za vichujio. Kwa anayepiga msasa mara moja au mbili kwa wiki, za karatasi zitamfaa na hazitamtia hasarani. Kwa anayeshinda kwenye msasa kila siku, ya mpira yenye vichujio vya P3, yaani vya vumbi vya daraja la juu, humkinga zaidi, huoshwa kwa maji na sabuni jioni baada ya kuondolewa vichujio, na kwa maoni yangu ndiyo ya kununua hata kama italazimu kuiwekea akiba miezi miwili.

Faida yake kubwa zaidi iko kwenye mvuke, kwa sababu hapo barakoa ya karatasi ya kawaida haimo mashindanoni kabisa. Barakoa hiyohiyo ya mpira hubadilishwa vichujio ikafaa kupulizia vanishi, na rangi za vichujio ndizo zinazowachanganya watu. Kwa utaratibu wa Ulaya, kichujio cha mvuke wa viyeyusho kina alama ya A na mstari wa kahawia, na cha vumbi kina herufi P na mstari mweupe. Kwa utaratibu wa Marekani, cha mvuke huwa na rangi nyeusi, na cha vumbi cha daraja la juu huwa na rangi ya zambarau. Anayepuliza anahitaji vyote viwili kwa pamoja, kwa maana bunduki ya rangi hutoa mvuke na matone madogo wakati mmoja: kichujio cha A peke yake hupitisha matone, na cha P peke yake hupitisha mvuke. Tena, asetoni huchemka kwenye nyuzi joto 56, na kichujio cha A cha kawaida kimekusudiwa viyeyusho vinavyochemka juu ya nyuzi 65. Thina yenye asetoni nyingi inahitaji kichujio kilichoandikwa AX. Soma mkebe wa thina kabla ya kusoma kichujio.

Kuna rangi moja ambayo singependa ipulizwe katika karakana ndogo kwa barakoa yoyote ya vichujio. Ni ile ya kuchanganya mikebe miwili, mmoja wa vanishi ya poliyurethani na mwingine wa dawa ya kuigandisha, ambayo ina isosayanati. Kemikali hiyo huleta pumu isiyoondoka, na harufu yake haitoshi kukuonya kwamba kichujio kimeshiba. Kazi yake huhitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Mteja akiitaka kwa sababu inang'aa zaidi, afadhali ushauri vanishi ya maji, au umpeleke kwa mwenye chumba na vifaa vya kupulizia.

Kwa mwenye ndevu

Barakoa zote nilizozisifu hapo juu, za karatasi na za mpira, zina sharti moja: ukingo wake lazima uguse ngozi. Nywele za siku mbili tu hufungua njia ya hewa. Mjini kwetu mafundi wengi hufuga ndevu kwa dini yao, na ushauri unaoishia kwenye neno "nyoa" haumsaidii yeyote. Huwafanya waache kinga yote. Kwa fundi huyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kofia yenye ngao ya uso na feni ndogo ya betri inayosukuma hewa iliyochujwa mbele ya uso. Haihitaji kubana ngozi, hupoza uso wakati wa joto, na huzuia vipande visirukie machoni. Ubaya wake ni bei, kwa hiyo huwafaa zaidi mafundi kadhaa walioungana kuinunua na kuitumia kwa zamu. Ya pili ni kubadilisha kazi yenyewe: kupaka vanishi kwa brashi au kitambaa badala ya kuipuliza, ili matone yasiruke hewani, na kuzuia vumbi lisifike usoni tangu mwanzo.

Kuzuia vumbi likitoka, au kulingoja usoni

Njia hii ya pili inawafaa hata wasio na ndevu. Barakoa humlinda mvaaji peke yake. Mwanafunzi anayefagia, mama anayeuza chai kando ya banda, mteja aliyekuja na mtoto, wote hupumua kile ambacho wewe umejikinga nacho. Mashine ya kunyonya vumbi iliyounganishwa na mashine ya msasa kwa mpira huwalinda wote, na humwachia mvaaji vumbi dogo ambalo barakoa yake italimudu. Mfuko wa kitambaa unaokuja na mashine ya msasa hunasa unga mzito na kuupitisha ule mwembamba, basi usiuhesabu kuwa ni sawa na mashine ya kunyonya. Nayo feni ya kawaida iliyoelekezwa kwa fundi hulisambaza tu vumbi hadi kwa jirani.

Wengi wetu tunafanya kazi katika mabanda yasiyo na kuta, na husemwa kwamba upepo wa bahari hutosha. Unasaidia kweli, ila inategemea umesimama vipi. Upepo ukikupiga mgongoni, mwili wako huuzuia, na mbele ya kifua chako hewa huzunguka ikiwa na vumbi lake hadi puani. Simama upepo ukupite ubavuni. Kwa kuwa kusi na kaskazi hazitoki upande mmoja, meza ya msasa inayofaa mwezi wa Juni huenda ikahitaji kugeuzwa ifikapo Desemba, na kuigeuza hakugharimu hata shilingi.

Nasikitishwa sana na desturi yetu ya jioni. Kazi ikiisha, kijana huchukua mpira wa kompresa, akajipuliza nywele, shati na suruali ili asipande matatu akiwa mweupe wa unga. Kwa dakika mbili hizo vumbi lililotulia mchana kutwa huamshwa lote, na kwa kawaida barakoa ameshaivua. Kufuta nguo kwa kitambaa chenye unyevu, au kuwa na ovaroli inayobaki karakanani, ni bora zaidi. Sakafu nayo inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagiwa.

Masikio

Msumeno wa duara na mashine ya randa hukaribia desibeli 100 zikiwa kazini. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi haziruhusu mfanyakazi apate zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa saa nane, na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni kali zaidi: hushauri desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda hupunguzwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 inabaki robo saa tu kwa siku.

Vizibo vya povu ni rahisi, havina joto, na vikivaliwa vizuri huzuia sauti nyingi. Kuvivaa vizuri ndiko kugumu: hukunjwa kwa vidole hadi viwe vyembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kisha kizibo hushikiliwa hadi kifutuke. Kwa vidole vyenye gundi na vumbi, hilo ni kuupeleka uchafu ndani ya sikio. Vifunika masikio vya kichwani huvaliwa na kuvuliwa kwa sekunde moja hata kwa mikono michafu, ingawa huleta jasho, na mikono ya miwani ikipita chini yake huacha nafasi ya sauti kuingia. Kwa fundi anayewasha msumeno mara kwa mara kwa muda mfupi, mimi huchagua vifunika, vikitundikwa kwenye mashine yenyewe ili mkono uvikute kabla ya swichi. Kwa anayeshinda na mashine ya msasa asubuhi nzima, vizibo vinavyovaliwa mara moja kwa mikono iliyooshwa vinavumilika zaidi.

Macho, mikono na miguu

Kwa macho, miwani ya kinga yenye vizuizi vya pembeni hutosha kwa kazi nyingi. Kwenye mashine ya kukereza ongeza ngao ya uso juu ya miwani, wala usiiache miwani kwa sababu ya ngao, na wakati wa kupuliza vaa ile inayoziba pande zote.

Kuhusu glavu, kosa kubwa ni kuzivaa pahali pasipofaa. Kwenye msumeno wa duara, keekee na mashine ya kukereza, glavu hunaswa na kuuvuta mkono wote. Hapo mikono mitupu na kisukumio cha mbao ni salama zaidi. Vaa za ngozi unapobeba mbao mbichi, na za nitrili unaposhika thina na vanishi. Hizo nyembamba hupenywa na viyeyusho upesi, kwa hiyo zikilowa zitupwe. Za pamba hunyonya thina na kuigandamiza ngozini, afadhali usivae kabisa. Kunawa mikono kwa thina au petroli ni kujitia sumu kwa hiari. Mafuta ya kupikia yakifuatwa na sabuni huondoa vanishi vizuri. Kwa miguu, kiatu chochote kilichofunikwa na chenye ncha ngumu kinaishinda sandali, na hapo sina la kulinganisha.

Nani alipe, na kipi kianze

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga vinavyofaa na kuvitunza, na inamtaka mfanyakazi avitumie. Mwenye karakana aliyeajiri vijana watatu ni mwajiri, hata kama anawaita wanafunzi wake, na kumwambia kijana ajinunulie barakoa kwa posho yake si haki. Sheria ya fidia ya mwaka huohuo nayo inayahesabu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na majeraha. Ndiyo maana ni vyema fundi aliyeanza kukohoa au kubanwa kifua amweleze daktari kwamba anafanya kazi ya mbao, na amtajie hata aina ya mbao na rangi anazotumia.

Kwa karakana yenye pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, uamuzi wangu ni huu. Panapopulizwa vanishi, anza na barakoa ya mpira na vichujio vya mvuke na vumbi kwa pamoja, kwa kuwa hakuna kitu cha bei nafuu kinachoweza kushika nafasi yake. Panapopigwa msasa tu, anza na boksi la FFP2 zenye kamba mbili, ugeuze meza kwa upepo, na akiba ielekee kwenye mashine ya kunyonya vumbi. Penye msumeno wa duara, vifunika masikio na miwani vinunuliwe siku moja na vitundikwe pamoja.

Ukishainunua ile ya mpira, usiitundike kwenye msumari karibu na mikebe ya rangi. Mkaa ulio ndani ya kichujio cha mvuke hunyonya hewa ya karakana usiku kucha ijapokuwa hakuna anayeivaa, na asubuhi utavaa kichujio kilichochoka. Kifunge kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, uandike juu yake kwa kalamu ya wino siku ulipokifungua, na kila asubuhi kabla ya kuwasha kompresa uzibe vichujio kwa viganja na uvute pumzi: barakoa ikikunyonya uso ikatulia hapo, anza kazi, hewa ikipenya, kaza kamba na ujaribu tena.